Undugu wa Kuchagua: Gitaa la Flamenko na Muziki wa Kiandalusi wa Moroko, 1976–1985

Maandishi mengi kuhusu mchanganyiko wa gitaa la flamenko na muziki wa Kiarabu huanzia Córdoba, mwaka 822. Katika mwaka huo Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad, alipokewa katika kasri la Abd al-Rahman wa Pili. Inasimuliwa kwamba aliongeza uzi wa tano katika udi, akaanzisha mafunzo ya muziki na akawafundisha watu wa Andalusi ya Kiislamu hata adabu za mezani. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, mnyororo mmoja usiokatika unamfikia mpiga gitaa wa Jerez au Sevilla wa zama zetu. Mchanganyiko wa leo, basi, unaonekana kuwa ni mtoto aliyepotea anayerejea kwa wazazi wake.

Simulizi hiyo, hata kama ingekuwa kweli yote, haielezi kwa nini wasanii wa kusini mwa Uhispania na wanamuziki wa kaskazini mwa Moroko walipanda jukwaa moja hasa katika miaka ya mwanzo ya 1980. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba kilichowakutanisha ni kumbukumbu ya kufukuzwa, ambayo baadhi ya wasanii wa Kigitano, yaani Waroma wa Uhispania, walianza kuitamka hadharani mara tu baada ya kifo cha Jenerali Franco mwaka 1975. Muziki wenyewe uliwaruhusu kukutana, ila kwa masharti yaliyowekwa na umbo la gitaa, na kwa msamiati ambao sehemu yake waliirithi kutoka kwa utawala ule ule walioulalamikia.

Kuhusu Ziryab, ushahidi ni mwembamba kuliko sifa zake. Picha yake inayojulikana zaidi inatoka kwa al-Maqqari, mwandishi wa karne ya 17 aliyezaliwa Tlemcen, takribani miaka 800 baada ya matukio anayoyasimulia. Dwight Reynolds ameonyesha kwamba habari za kale zaidi, zilizokusanywa na Ibn Hayyan katika karne ya 11, zina mambo mengi yanayokinzana, na kwamba al-Maqqari aliteua yale yaliyompamba shujaa wake. Upande wa pili wa mnyororo nao una pengo. Wamorisko, wazawa wa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, walifukuzwa Uhispania kati ya 1609 na 1614, watu wapatao 300,000. Flamenko kama sanaa yenye jina na mitindo inayotambulika haionekani wazi katika maandishi hadi mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne ya 19. Pengo la zaidi ya karne moja na nusu halithibitishi kwamba hakuna kilichopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Linamdai tu anayedai urithi wa moja kwa moja alete ushahidi zaidi ya kufanana kwa sauti.

Hata hivyo, dai la urithi lina historia yake lenyewe, na historia hiyo ndiyo inayofaa kuchunguzwa. Mwaka 1922, Manuel de Falla na Federico García Lorca walishiriki kuandaa shindano la uimbaji wa kale wa flamenko katika Alhambra, Granada. Katika kijitabu alichokiandika kwa ajili ya shindano hilo, Falla alitaja mambo matatu yaliyouunda uimbaji huo: nyimbo za ibada za Bizanti, uvamizi wa Waarabu, na kuwasili kwa Wagitano. Blas Infante alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu alichokiandika kati ya 1929 na 1933, alidai kwamba Wamorisko waliokwepa kufukuzwa walijificha miongoni mwa Wagitano, na kwamba neno flamenko lenyewe linatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya mkulima aliyefukuzwa. Wanaisimu hawakulikubali dai hilo la etimolojia, na sarufi ya Kiarabu hailisaidii. Lakini Infante aliuawa na wafuasi wa uasi wa Franco mwezi Agosti 1936, na kitabu chake hakikuchapishwa hadi 1980. Kwa hiyo nadharia ya miaka ya 1930 iliingia mikononi mwa wasomaji wa kawaida pale ambapo Andalusia ilikuwa ikidai mamlaka yake ya ndani, yaliyoidhinishwa mwaka 1981, na ilikuja ikiwa na damu ya mwandishi wake. Udhaifu wake wa kiisimu haukuipunguzia nguvu.

Kabla ya hapo, mwaka 1976, kazi mbili zilikuwa zimeandaa njia. José Heredia Maya, mshairi wa Kigitano aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Granada, aliandika tamthilia ya *Camelamos naquerar*, jina la Kikalo lenye maana ya "tunataka kusema". Ikichezwa na mnenguaji Mario Maya na kundi lake, tamthilia hiyo iliweka mbele ya hadhira sheria zilizotungwa dhidi ya Wagitano tangu amri ya 1499. Katika mwaka huo huo, mwimbaji Juan Peña, aliyejulikana kwa jina la El Lebrijano, alitoa albamu ya *Persecución*, yaani mateso ya kuandamwa, yenye mashairi ya Félix Grande kuhusu historia hiyo hiyo. Matukio yaliyokuwa nyuma ya kazi hizi si ya kubuni. Mwezi Julai 1749 dola ya Uhispania iliwakamata Wagitano kwa maelfu kwa siku chache, ikawatenganisha wanaume na wanawake, na ikawapeleka wanaume wengi kufanya kazi za shuruti katika karakana za majeshi ya majini.

Ni wasanii hao hao wawili waliovuka bahari baadaye. Mwaka 1983 Heredia Maya alitoa *Macama Jonda*, onyesho lililowakutanisha waimbaji, wanenguaji na wapiga gitaa wa Granada na Okestra ya Kiandalusi ya Tetuán iliyoongozwa na Abdessadek Chekara. Mwaka 1985 El Lebrijano alitoa *Encuentros*, yaani makutano, akiwa na Okestra ya Kiandalusi ya Tangier na mpiga gitaa Paco Cepero. Mfuatano huu haukupata uzito unaostahili katika maelezo yanayoanzia kwa Ziryab. Katika kila mmoja wa wasanii hao, kazi kuhusu mateso ilitangulia, kisha ikafuata kazi ya kumtafuta mwenzi. Amri ya 1499 iliwataka Wagitano wakae mahali pamoja na kushika kazi inayotambulika, la sivyo waondoke katika ufalme; amri ya 1502 iliwataka Waislamu wa Castile wabatizwe, la sivyo waondoke. Sheria hizo zilipishana kwa miaka mitatu, chini ya watawala wale wale. Huo ndio undugu uliodaiwa jukwaani: undugu wa watu walioandikiwa amri na mkono mmoja. Undugu wa namna hiyo hauhitaji mnyororo wa walimu na wanafunzi tangu mwaka 822.

Lakini hoja ya kisiasa haipigwi kwenye nyuzi kwa sababu tu ni ya haki. Shingo ya gitaa ina freti, vijiti vya chuma vilivyopachikwa kukatisha, na kila kimoja hutenga nusutoni moja na inayofuata. Udi hauna freti; msikilizaji wa taarabu ya Unguja anafahamu jinsi kidole cha mpigaji kinavyoweza kutulia popote juu ya uzi. Maqamu kadhaa za Mashariki ya Kiarabu zinategemea uhuru huo. Katika Bayati, sauti ya pili hukaa takribani robo tatu za toni juu ya ile ya kwanza. Katika Rast, sauti ya tatu huangukia kati ya zile mbili ambazo gitaa linazo. Mpiga gitaa anaweza kuuvuta uzi ili kuikaribia sauti hiyo kwa nukta moja, lakini hawezi kujenga juu yake sauti kadhaa za kupigwa pamoja. Suala la ala zenye sauti zisizobadilika lilikuwa limekwisha kuzua mabishano katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu la Kairo mwaka 1932, ingawa hapo mtuhumiwa mkuu alikuwa piano.

Kwa nini basi Tetuán na Tangier, na si Kairo au Aleppo? Ukaribu wa kijiografia ni sehemu tu ya jibu. Muziki wa Kiandalusi wa Moroko, unaoitwa ala, umehifadhiwa katika nuba 11, na mkusanyo mashuhuri wa maneno yake unahusishwa na al-Ha'ik wa Tetuán, karibu na mwaka 1800. Ngazi zake za sauti kwa kawaida hazitumii vipande vile vya robo tatu za toni vinavyotawala Misri na Shamu. Zinaweza kupigwa kwenye gitaa bila kuzipotosha sana. Jambo lililochukuliwa na wasikilizaji wengi kuwa ushahidi wa asili moja ni, kwa kiasi kikubwa, ulinganifu wa vipimo. Mtu angejaribu kazi ile ile na wanamuziki wa Aleppo wakiwa katika Rast, dai la undugu lingegonga freti.

Pale ambapo ulinganifu ni mkubwa zaidi, masikio hudanganyika kwa urahisi zaidi. Gitaa la flamenko hutulia mara nyingi kwenye mi, likitumia mi, fa, sol na la. Katika mtulio wa mwisho, sol hupandishwa nusutoni. Sol ikishapandishwa, sauti hizo nne zina vipimo vile vile vya mwanzo wa maqamu ya Hijaz: nusutoni, kisha toni moja na nusu, kisha nusutoni. Tofauti ni kwamba flamenko haiachi sol ya kawaida. Inashuka la, sol, fa, mi kwa mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, na huipandisha sol inapofika chini. Ala ya Moroko haina mafungu hayo: waimbaji, fidla inayosimamishwa gotini, udi na rababu hufuata lahani moja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake. Mpiga gitaa anapoweka mshuko wake chini ya lahani hiyo, ni lahani inayobadilika maana. Nukta ambayo kwa mwanamuziki wa Tetuán ilikuwa njiani inageuka kuwa kituo. Katika makutano haya gitaa halikuwa mgeni mnyenyekevu. Lilitafsiri, na mfasiri daima huchagua.

Kwa upande wa mapigo, mambo yalikuwa ya usawa zaidi. Soleá na bulerías huzunguka katika mapigo 12, mkazo ukiangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12, hivi kwamba makundi ya matatu yanafuatwa na makundi ya mawili. Mizani ya quddam, mojawapo ya mizani tano za nuba ya Moroko, huenda kwa matatu. Nusu ya mzunguko wa flamenko inaingia humo bila tabu, na nusu ya pili huleta mvutano ambao wapigaji wazuri huufurahia.

Linabaki suala gumu zaidi, nalo linazihusu okestra zenyewe. Uhispania ilitawala kaskazini mwa Moroko kuanzia 1912 hadi 1956, na Tetuán ndiyo iliyokuwa makao makuu. Franco, ambaye vita vyake vya 1936 hadi 1939 vilitegemea makumi ya maelfu ya askari wa Kimoroko, alihitaji lugha ya undugu kati ya mataifa hayo mawili, na Andalusi ya kale ilimpatia lugha hiyo. Mwaka 1941 mtawa Mfransisko, Patrocinio García Barriuso, alichapisha uchunguzi wa muziki huu akiuita wa Kihispania na Kiislamu. Eric Calderwood, katika kitabu chake cha 2018, anaeleza kwamba fahari ya Moroko ya leo kuhusu Andalusi ilifinyangwa kwa sehemu na siasa hizo za kikoloni, kisha wanataifa wa Moroko wakaichukua kwa malengo yao. Ikiwa ni hivyo, Heredia Maya na El Lebrijano walilizungumzia jeraha la Wagitano kwa neno, undugu, lililokuwa limekwisha kutumiwa na dola kwa kazi nyingine. Hilo halizifanyi kazi zao kuwa za uongo. Linaonyesha kwamba neno hilo lilipaswa kunyang'anywa kwanza ndipo litumike, na unyang'anyi huo haukukamilika: katika majalada na matangazo ya miaka iliyofuata, undugu wa amri za 1499 na 1502 ulififia, ukabaki ule mtamu zaidi wa bustani na makasri. Paco de Lucía alipoipa albamu yake ya 1990 jina la *Zyryab*, simulizi ya mwaka 822 ilikuwa imerejea mahali pake.

Wakati huo huo mpaka ulikuwa ukifungwa. *Encuentros*, yenye wimbo uitwao "Dame la libertad", yaani nipe uhuru, ilitoka mwaka ule ule wa 1985 ambapo bunge la Uhispania lilipitisha sheria mpya ya wageni, miezi michache kabla ya nchi hiyo kuingia katika Jumuiya ya Ulaya Januari 1986. Kuanzia mwaka 1991 raia wa Moroko walitakiwa kuwa na viza ili kuvuka mlango bahari wa Gibraltar, wenye upana wa takribani kilomita 14 pale unapobana zaidi. Wapiga gitaa wa Andalusia waliendelea kuvuka kwenda kusini kwa pasi zao za kawaida.