Mashine ya Picha na Stara ya Harusi katika Pwani ya Malindi

Msafiri atokaye Malindi kuelekea kaskazini hufika Ngomeni, kijiji cha wavuvi ambacho tangu mwaka 1967 hadi mwaka 1988 kilikuwa kikitazama roketi zikiruka kutoka katika jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini na Waitaliani; na mojawapo ya roketi hizo, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilichukua setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Basi mitambo ya hisabati si wageni wa jana katika pwani hii. Walakini ile ilikuwa ya serikali na wataalamu, na mwenyeji wa Malindi aliitazama kama aitazamavyo meli ipitayo nje ya mwamba. Mashine ya hesabu iliyobisha hodi nyumbani kwake, ikamlazimu aijue kiungo kwa kiungo, ililetwa na harusi.

Harusi ya Waswahili, kama ijulikanavyo, ina siku zake na ada zake: kuna kesha, kuna kutiwa hina, kuna nikaha inayosomwa msikitini mbele ya wanaume, na kuna usiku wa kupamba, ambapo bibi harusi hukalishwa mbele ya wanawake wenziwe waliovua mabuibui, na hapana mwanamume aingiaye. Mkanda wa video wa namna ya VHS, uliotolewa Japani mwaka 1976, ulipowafikia watu wa pwani, aghalabu kwa mikono ya jamaa waliokuwa wakifanya kazi Jidda, Dubai na Maskati, jambo la kwanza lililoulizwa na wazee halikuwa bei ya kamera. Waliuliza ni nani atakayeishika usiku wa kupamba, na nani atakayekaa na kaseti ile baada ya wageni kutawanyika. Ndipo walipotokea wanawake waliojifunza kubeba kamera begani, na kazi yao, tangu mwanzo, ikawa nusu ufundi na nusu amana.

Kuhariri kwa siku zile kulifanywa kwa deki mbili na televisheni moja. Deki ya kwanza ilicheza, ya pili ilinakili, na fundi, kidole chake kikiwa juu ya kitufe, alisubiri shangwe ianze ndipo aachilie. Akikosea sekunde mbili, hana budi kurudisha mkanda nyuma na kuanza upya. Fauka ya hayo, kila nakala ilififia kuliko mama yake, hata nakala ya nakala, iliyotumwa kwa shangazi aliye ng'ambo, ikawa nyuso zake ni kama zinazotazamwa kupitia chandarua. Na unyevu wa bahari nao haukuwa na huruma: kaseti iliyosahauliwa sandukuni kwa misimu michache iliota ukungu mweupe, ikaharibika pamoja na yote iliyoyahifadhi.

Mwaka 1995 ulileta kaseti ndogo za DV, ambazo picha yake ni tarakimu tupu, na ikawa yamkini kuihamisha kwa waya hadi katika kompyuta, au tarakilishi kama waiitavyo wasomi wetu, bila ya kupungua hata chembe. Programu za kuhariri zilikwisha kuwako, kwani Adobe Premiere ilitolewa mwaka 1991. Kilichokosekana ni nafasi. Saa moja ya DV hula takriban gigabaiti 13, na harusi ya saa sita hudai karibu 80, ilhali kompyuta nyingi za mwanzo wa karne hii zilikuja na diski ya 20 au 40. Kwa hiyo, katika zama zile, kuchagua mashine kulikuwa ni kuchagua diski, kama nahodha apimavyo tumbo la chombo kabla ya kukubali shehena. Na asiyeweza kununua diski kubwa alilazimika kuhariri kesha, kuifuta, ndipo aipakie kupamba.

Mazoea hayo ndiyo yaliyowaponza watu picha ya HD ilipoingia. Mwaka 2006 ilitangazwa namna ya AVCHD, na kamera zake ndogo, zisizohitaji mkanda, zikapendwa upesi. Fundi aliyepiga hesabu ya zamani aliona furaha tupu: faili la saa moja halikuzidi lile la DV, basi mashine yake ya jana ingetosha. Hakujua kwamba fremu moja ya DV katika mfumo wetu ina nukta 414,720, na fremu kamili ya HD ina 2,073,600, yaani mara tano sawasawa. Na ili mara tano hizo ziingie katika mfuko uleule, kamera huhifadhi fremu chache tu zikiwa kamili, na zilizobaki huandikiwa tofauti zake na jirani zao. Mashine itakayo kuonyesha fremu moja ya katikati haina budi kuwaita majirani wote, iwasome, iwaunganishe, na kulifanya hilo mara 25 kila sekunde. Shehena ilikuwa nyepesi, lakini fundo lake lilikuwa gumu, na kazi ya kulifungua ilimwangukia prosesa.

Nalikumbuka duka moja la Malindi, chumba kimoja chenye pazia, ambamo mama wa bibi harusi alikuja kuketi kando ya fundi, kama ilivyo desturi ya aila nyingi, ili aone kwa macho yake kipi kitabaki na kipi kitaondoka. Fundi, mwanamke wa makamo, alibonyeza. Vigelegele vikatangulia, picha ikabaki nyuma, ikakwama, ikaruka. "Huyo mtoe, mwanangu, mumewe hataki aonekane," alisema yule mama. Lakini alipomaliza kusema, sura aliyoionyesha ilikwisha kupita, na kila waliporudi nyuma ilikwama mahali pengine. Kazi ya jioni moja ikala siku tatu. Na fundi asiyetaka dhiki hiyo alibakiwa na njia ya kupeleka picha Mombasa au Nairobi kwenye mashine kubwa, yaani kuzitia nyuso za wake za watu mikononi mwa wageni, jambo ambalo hapana mama aliyeliridhia.

Nafuu ilikuja kwa hatua. Mafundi walijifunza kwanza kuzigeuza picha ziwe nakala nyepesi za kufanyia kazi, na kuzirejea zile za asili wakati wa kutoa filamu. Kisha, mwaka 2010, Premiere ilianza kuitumia kadi ya picha kubeba sehemu ya mzigo, na mwaka uliofuata Intel ikatia ndani ya prosesa zake kipande cha pekee cha kufungua na kufunga video. Tangu hapo mashine ifaayo ikajulikana kwa mizani yake: prosesa yenye viini vinne au zaidi, kumbukumbu ya gigabaiti 16, diski ya SSD kwa kazi ya siku na diski nyingine ya akiba, na kadi inayoifahamu lugha ya kamera. Kikizidi kimoja na kupungua kingine, ni tanga kubwa juu ya mlingoti mwembamba. Nayo pwani ina masharti yake: joto la kaskazi, ambalo hulazimisha prosesa kupunguza mwendo isiungue, chumvi ya hewa, ambayo hula miguu ya vyuma, na umeme ukatikao filamu ikiwa karibu kutoka, hata betri ya dharura ikawa ni kiungo cha mashine na si pambo.

Leo, kijana aendaye kwa fundi mwenye busara kuuliza anunue kompyuta gani, huulizwa kwanza anapiga kwa kamera gani, kwa sababu fundo ndilo linaloamua nguvu ya mkono wa kulifungua. Na duka lile lenye pazia likapata mashine ya kutosha. Yule mama alirejea kwa harusi ya binti wa pili, akanyosha kidole, picha ikasimama palepale alipoinyoshea, na sura isiyotakiwa ikaondoka kabla kahawa haijapoa. Alipokwisha kukabidhiwa nakala yake, aliomba zilizobaki zifutwe naye yupo, akaliona dirisha la mafaili likibaki tupu, ndipo akajifunika buibui lake na kutoka.