Dubwana Lisilozaliwa: Mradi wa Banno na Swali la Nasaba

Je, kazi ya sanaa isiyokamilika ina nafasi katika historia? Mwaka 1971, Yoshimitsu Banno aliongoza *Godzilla vs. Hedorah*, ambamo uchafuzi wa mazingira umesawiriwa kama dubwana. Hakuongoza tena filamu ya Godzilla. Katika miaka ya 2000, akiwa na idhini ya Toho, alipanga filamu fupi ya pande tatu kwa skrini kubwa za IMAX, fedha zikakosekana. Hatimaye wenzake waliufikisha mpango huo kwa kampuni ya Legendary ya Marekani. Filamu ya 2014 iliongozwa na Gareth Edwards. Banno, aliyefariki 2017, alitajwa miongoni mwa watayarishaji. Basi mhakiki anayezingatia kazi zilizokamilika pekee huipotosha nasaba: humwona mwana, akamsahau mzazi.