Kabla Utoe Laki Zako: Deni la Sokoro Kule Borabu

Wasee wa Kisii na Nyamira, kila wiki inboksi yangu inajaa swali moja: "Niko na laki tatu, ninunue ploti wapi?" Kabla nijibu, turudi nyuma kidogo. Kununua ardhi kwa mkopo hatukukuanza sisi.

Mwaka wa 1962 serikali ilianza mpango wa Ekari Milioni Moja. Mashamba ya masetla yalinunuliwa kwa pesa zilizotoka hasa Uingereza na Benki ya Dunia, yakakatwa vipande na kugawiwa maelfu ya familia. Ndivyo watu wetu walivyoingia Borabu, mpakani na Sotik.

Lakini haikuwa zawadi. Ulipewa kipande pamoja na deni la miaka 30, riba asilimia 6.5 kwa mwaka. Mpaka umalize kulipa, shamba lenyewe ndilo lilikuwa dhamana. Hiyo ni mogeji kama ya leo, tofauti tu ni kwamba aliyekukopesha ni serikali.

Sokoro wangu, yaani babu, alipata kipande karibu na Nyansiongo. Alilipa kwa pesa ya maziwa, akachelewa, akafa. Nyumbani tulidhani deni limezikwa naye.

Mwaka wa 2021 nikaitwa chuo. Baba mdogo akamuuzia jirani ekari moja nipate karo. Wazee walikaa, chai ikanywewa, karatasi ikatiwa sahihi. Mimi nikaacha chuo mwaka wa pili. Jirani akajenga. Alipofuata hati, akaambiwa mwenye shamba ni marehemu, mirathi haijafanywa, na deni bado lipo.

Pia hakuna aliyeenda kwa bodi. Sheria ya 1967 inataka shamba la kilimo likiuzwa, kibali cha Bodi ya Ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane. Bila kibali mauzo ni batili. Sheria hiyo inamruhusu mnunuzi kudai pesa yake irudi. Sasa yeye ana nyumba, na sisi hatuna pesa.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kabla ya bei, fanya sachi ofisi ya ardhi. Angalia jina ni la nani na kama kuna deni. Kama mwenyewe alikufa, usilipe kabla mirathi ikamilike. Kama kuna mkopo, wakili ahakikishe sehemu ya bei inaenda kwa mkopeshaji kwanza, deni lifutwe kwa rejista. Na ukikopa sako, piga hesabu ya kulipa kwa mshahara wako. Usihesabu kodi ya mpangaji ambaye hujampata.

Sisi tumeanza mirathi, na kila shilingi ya hizi video inaenda huko. Jirani bado ananisalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo inaniuma.

Kwenu je, hati iko kwa jina la nani? Uliza leo, wazee wakiwa hai.