Sauti ya Usukani na Mafundi wa Bel-Air

Reli ya kutoka Rhodesia ilipowasili mwaka 1910, na mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulipokuwa ungali ukipimwa viwanja vyake, hapakuwa na mtu katika Katanga nzima aliyepata riziki yake kwa kusikiliza magari. Kazi hiyo ilizaliwa baadaye, nayo ina wazazi wawili: ufundi uliofunzwa na kampuni, na magari makuukuu yaliyotoka ughaibuni wakati kampuni ilipokwisha nguvu.

Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilianza mnamo 1928 kufuata siasa ya kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwarudisha makwao kila mkataba ulipokwisha. Na kwa kuwa mtu aliyetulia mahali hufundishika, karakana zake zikapata vizazi vya Waafrika waliozijua mashine kwa mikono na masikio. Usukani wa siku hizo haukuwa na msaada wowote, na dereva wa lori aliugeuza kwa nguvu za mabega yake. Ni kweli kwamba mhandisi Francis W. Davis alikwisha kuonyesha huko Massachusetts, mwaka 1926, gari ambalo usukani wake ulisukumwa kwa mafuta yaliyoshindiliwa na pampu, lakini wenye viwanda waliona gharama yake ni kubwa, na haukuuzwa katika gari la abiria mpaka Chrysler ilipoutia katika Imperial ya mwaka 1951.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilitwaliwa na dola, na kampuni iliyoirithi ndiyo tuijuayo kwa jina la Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mishahara ikakatika, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliagwa kwa malipo. Wako miongoni mwao waliogeukia ufundi wa mitaani. Wakati huohuo yaliongezeka magari yaliyokwisha kutumika Japani, yakishushwa Dar es Salaam na Durban, yakapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, usukani wake ukiwa kuume ilhali Kongo huendesha upande wa kuume wa barabara. Ndivyo ujuzi uliokosa kazi ulivyokutana na magari yaliyokosa mafundi, na huko Bel-Air, katika komini ya Kampemba, utamkuta fundi uani akifanya kazi mbele ya boneti iliyofunguliwa.

Asubuhi za Juni na Julai, ambapo Lubumbashi huwa na baridi kali, mafuta ya usukani huwa mazito na pampu yake huguna mara tu gari linapowashwa. “Usizime, Papa,” fundi humwambia mwenye gari, “acha nisikie.” Huugeuza usukani polepole mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha wa pili. Mlio mkali wa kukwaruza unaotoka kwenye mkanda huutambua kwa kuudondoshea maji kidogo, kwani ukinyamaza kwa kitambo basi mkanda ndio wenye kosa. Mngurumo unaosikika pale tu usukani unapofika mwisho si dalili ya ugonjwa, maana hapo shinikizo hupanda mpaka vali ya pampu ikafunguka. Ila kuushikilia hapo kwa muda mrefu huchemsha mafuta na kuiumiza pampu. Ama mnung’uniko usiokoma, unaopanda pamoja na mzunguko wa injini, huo aghalabu ni wa hewa, na hapo huvua kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo ya usukani na kutazama: mafuta yaliyochanganyika na hewa hupauka na kutoa povu kama la sabuni.

Hapa ndipo watu wengi hudhulumiwa. Pampu huhukumiwa upesi, hununuliwa nyingine iliyotumika, nayo baada ya muda mfupi hulia vilevile, kwa sababu haikuwa na hatia. Mpira unaopeleka mafuta kutoka kikopo hadi pampu hunyonya. Ukipata ufa mdogo huingiza hewa bila kudondosha hata tone chini, hivyo anayetafuta dalili ya mafuta sakafuni hataiona kamwe. Zaidi ya hayo, katika vikopo vya baadhi ya magari mna kichujio chembamba chini kabisa, ambacho kikiziba kwa tope la miaka mingi pampu hukosa mafuta ingawa kikopo kimejaa. Fundi mwadilifu huanza kwa kukisafisha hicho, hubadili mpira na kujaza mafuta ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji, kisha huinua magurudumu ya mbele na, injini ikiwa imezimwa, huugeuza usukani huku na huku akiongeza mafuta mpaka mapovu yakome. Pampu huguswa baada ya hayo, ikiwa sauti ingali ipo.

Suzuki ilitoa mwaka 1988 gari dogo la Cervo lenye usukani wa umeme, usio na pampu, mkanda wala mafuta, na magari ya namna hiyo sasa huja kwa njia ileile ya Kasumbalesa. Mlio wake hutoka kwenye mota au viungo, na kikopo cha kufunua hakipo. Walakini magari ya mafuta yangali barabarani, na mwanafunzi anayeingia uani hufunzwa kwanza kuvua kifuniko, kabla hajapewa spana.