Kasongo Tongoni: Mji Uliosalia Katika Maneno

Mitaa ya Unguja ya karne ya 19 yajulikana kwa sura, maana wapiga picha wa mjini, akina A. C. Gomes, waliinasa milango na baraza zake. Kasongo, makao ya Tippu Tip katika Maniema tangu mwaka 1875 hivi, haikupata bahati hiyo. Atakaye kuiona hana budi kuisoma.

Maelezo yatajwayo mara nyingi ni ya Sidney Hinde, daktari wa jeshi la Dhanis lililouteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Kitabu chake cha mwaka 1897 chataja vitanda vya nakshi, magodoro ya hariri, bilauri, mishumaa, bustani na machungwa. Ni orodha yenye thamani. Hata hivyo ni orodha ya nyara, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuyalalia magodoro hayo. Watumwa waliozilima bustani hawasemi neno humo. Kabambare nayo, iliyotekwa Januari 1894, yakumbukwa zaidi kwa shajara ya Livingstone, aliyezuiliwa huko na vidonda vya miguu mwaka 1870.

Wenyeji, kwa upande wao, wameuita mji wa kale Kasongo Tongoni, na tongo ni mahali palipohamwa. Noemie Arazi na wenzake, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2020, waliyalinganisha masimulizi ya wenyeji hao na mabaki yaliyomo ardhini. Kwa njia hiyo, pengine, zitajulikana pia nyumba ambazo Hinde hakulala.