Mtumba kwenye ncha ya Bonde la Ufa

Tetemeko lililoitikisa Dodoma Novemba 4, 2002 lilikuwa na ukubwa wa 5.5. Duniani kote matetemeko ya kiasi hicho hutokea kwa mamia kila mwaka, na mengi hayasikiki hata kwenye redio. Lakini hili lilitokea mahali ambapo ramani za darasani hazikuwa na ufa wowote. Mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa tulifundishwa kuuchora ukishuka kutoka Ethiopia, ukipasua Kenya, ukipita Ziwa Natron, kisha ukififia karibu na Manyara. Dodoma ilikuwa nje kabisa ya mchoro huo.

Wakati huo Mtumba, ulipo sasa Mji wa Serikali, ilikuwa bado vijijini, kilomita kama 17 mashariki mwa mji kwa barabara ya Morogoro: mtama, uwele, mibuyu, na ng'ombe wa Wagogo wakitafuta majani kiangazi. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulikuwa umefikishwa tangu 1973, na Bunge lilikuwa limehamia 1996, lakini wizara zilibaki Dar es Salaam. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba na Rais John Magufuli Aprili 13, 2019. Kwa kalenda ya siasa tunazungumzia mahali papya sana.

Kwa kalenda ya miamba ni kinyume. Uwanda wa kati umekaa juu ya bamba la kale la Tanzania, lenye graniti na miamba mingine iliyoungua na kukunjwa zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Vilima vya mawe vinavyochomoza ghafla kwenye uwanda wa Dodoma ni masalia ya mwamba huo, mgumu kuliko vilivyouzunguka, ambavyo mvua na upepo vimekwisha kuviondoa. Bamba hili ni nene na baridi kwa chini, na ndilo lililolilazimisha Bonde la Ufa kugawanyika. Mkono mmoja ulizunguka magharibi kwenye Ziwa Tanganyika, mwingine ukapita mashariki. Huu wa mashariki ulipofika kaskazini mwa Tanzania ukakutana na ukingo wa bamba, ukatawanyika kuelekea Eyasi, Manyara na Pangani.

Mwaka 2008 mwanajiolojia Athanas Macheyeki na wenzake walichapisha utafiti unaosema kwamba safari ya ufa haikuishia hapo. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Abdulkarim Mruma, ambaye Watanzania wengi wanamkumbuka kwa kamati ya 2017 iliyochunguza makinikia, yaani mchanga wenye madini, kuliko kwa matetemeko. Walifuata nyufa za Bubu, Saranda, Makanda na Hombolo, wakaona kingo ambazo bado hazijalainishwa na mmomonyoko, mipasuko iliyo wazi ardhini, na vishindo vidogo na vya wastani vinavyokuja kwa makundi. Hitimisho lao ni kwamba ufa umekuwa ukisogea kusini kuelekea Dodoma kwa takribani miaka milioni 1.2, na bado unasogea. Mara nyingi haupasui mwamba upya, bali unafumua mishono iliyoachwa na misukosuko ya mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Abiria wa reli ya kati huvuka nyufa hizi bila kujua. Wajerumani walifikisha reli Dodoma mwaka 1910, na walipoendelea magharibi ilibidi waivushe kwenye tambarare ya Bahi kisha waipandishe kingo za Saranda kabla ya Manyoni. Ule mpando ni ukuta wa ufa.

Upande wa Mtumba, ufa ulio karibu zaidi ni wa Hombolo. Ukifika Ihumwa, kijiji jirani, njia inakupeleka kaskazini hadi kwenye bwawa lililojengwa 1957. Ukanda huu una chemchemi zenye gesi ya heliamu. Heliamu huzaliwa polepole ndani ya miamba ya kale, urani na thori zinapooza, na hunaswa humo kwa muda mrefu mno. Ikionekana inatoka na maji, ni ishara kwamba kuna njia kutoka chini kabisa. Volkano hakuna. Kwa hiyo ukitaka kuona mlima wa moto lazima uende kaskazini hadi Hanang; ufa wa Dodoma bado mchanga, haujafungua njia ya uji wa moto.

Lakini mipasuko hiyo hiyo inayotisha ndiyo inayonywesha jiji. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 au pungufu, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miongo mingi imetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, ambako maji yamehifadhiwa katika graniti iliyooza na kupasuka. Vipimo vya kina cha maji vilivyoanza miaka ya 1950 ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo katika nchi za tropiki. Uchambuzi wake uliochapishwa 2013 ulionyesha jambo ambalo mkulima wa Dodoma asingelishangaa: miaka mingi hifadhi hiyo haijazwi hata kidogo, kisha inakuja mvua ya kupindukia, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na kuijaza kwa mkupuo.

Ofisi ya taifa ya jiolojia, inayojua haya yote, imekuwapo Dodoma tangu miaka ya 1920, enzi za Waingereza. Wachora ramani za miamba waliutangulia uamuzi wa kuhamishia serikali mjini hapo kwa karibu miaka 50.

Awamu ya kwanza ya ofisi za Mtumba ilikuwa majengo mafupi. Ya pili ni maghorofa. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua zaidi ya watu 15 mkoani Kagera, wengi kwa kuangukiwa na kuta za matofali. Kutoka 5.5 hadi 5.9 panaonekana padogo, lakini kwa kukadiria nishati inayoachiwa huongezeka mara nne. Mtumba haina haja ya kusubiri volkano. Inatosha mshono mmoja wa Hombolo kuachia kwa kiasi cha Kagera, mchana wa siku ya kazi, ofisi zikiwa zimejaa.