Joto la pamoja: kutoka mabomba ya Lockport hadi ngitili za Shinyanga

Mwaka 1877, Birdsill Holly alianza kusambaza mvuke kwa mabomba katika mji wa Lockport, Marekani. Badala ya kila nyumba kuwasha moto wake, boila moja ihudumie mtaa mzima. Leo karibu theluthi mbili ya kaya za Denmark hupata joto kwa mtindo huo. Ila kuna mtihani: nyumba mpya zinazibwa vizuri, zinahitaji joto kidogo, wakati bomba linaendelea kupoteza joto njiani. Kwa hiyo chanzo, umbali na matumizi lazima vipangwe pamoja.

Sasa utauliza, Shinyanga na jua lote lile inahusikaje? Joto tunalolitafuta sisi ni la kwenye sufuria, na bomba letu ni kichwa cha mama aliyebeba kuni. Njia ikirefuka, kinachopotea ni masaa yake.

Na ilirefuka kweli. Kuanzia miaka ya 1920, wakoloni waliwakusanya watu kufyeka mapori ili kuangamiza mbung'o, kazi ambayo Charles Swynnerton aliisimamia. Pamba na mifugo vikaongeza mzigo. Miaka ya 1970, vijiji vya ujamaa vikawatenganisha watu na ngitili zao, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Kuni zilipoadimika, watu walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, ambacho kingekuwa mbolea shambani.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ngitili zilizokuwa zimebaki ni kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, nyingi kwa kuacha visiki vichipue vyenyewe. Kaya na vijiji vilifunga tena maeneo yao, huku dagashida na sungusungu wakiwabana wavunjaji.

Leo tunahimizwa kutumia majiko banifu, na ni sawa kabisa: hiyo ndiyo "nyumba isiyohitaji joto jingi" ya kwetu. Lakini jiko halipandi mti. Ukanda wa dhahabu wa Geita nao unataka mkaa wa kupikia na matimba ya kushikilia mashimo. Ukisikia mpango wa majiko kijijini kwenu, uliza na hili: kuni zitatoka wapi, na nani ana haki ya kulifunga eneo hilo?